Shingo ya Mafua

Mtoto wa ammi yangu, Riyama binti Himid, alikuwa mtu pekee katika Unguja hii aliyeijua shingo ya mafua. Sisi wengine tunaijua pua yake tu, na inatutosha.

Sitanii. Diploma yangu ya maabara ilifika nusu ikachoka, kwa hiyo nitakueleza kama nilivyoelezwa, nami nilielezwa mara nyingi, maana Riyama alikuwa akisema kichwa changu ni pakacha: ukitia nazi zinakaa, ukitia maji unayafuata chini. Kirusi cha mafua, ukikikuza kwa mashine mpaka kikaonekana, ni kidude cha mviringo kilichotoa vijiti mwili mzima, kama tunda la shokishoki. Vijiti hivyo ni protini, na bila ya hivyo kirusi hakiwezi kushika koo la mtu wala kuingia ndani. Kila kijiti kina kichwa juu na shingo chini. Ukishaugua mafua, mwili wako hukikariri kile kichwa, kama polisi anavyokariri sura ya mwizi. Lakini mwizi huyu ana akili. Kila mwaka anabadilisha kofia. Mwakani anapita mbele ya polisi wako, anamwamkia shikamoo, na polisi anaitika marahaba.

Riyama akasema, mie sina haja ya kofia. Mie nataka kumkaba shingo.

Alikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa imelala chumba cha pili. Mama yake, Bi Sichana, alipikia kuni tangu utoto, na moshi ukamla mapafu. Mafua yanayokupa wewe siku tatu za kujidekeza yalikuwa yanamlaza Bi Sichana mwezi, amekaa kitako juu ya kitanda kwa sababu akilala pumzi haipandi. Dawa ya mafua ipo duniani, usidhani haipo. Ila inataka uinywe siku mbili za mwanzo, na siku mbili za mwanzo sisi watu wa Unguja tunakunywa tangawizi. Siku ya tatu tunatia asali. Tukifika hospitali, dawa inatutazama tu, na sisi tunaitazama.

Kwa hiyo kila asubuhi Riyama alitoka Kiembe Samaki na vespa ya marehemu baba yake, iliyokuwa ikikohoa kuliko mwenye nyumba, akaja mjini kwenye chumba chetu. Nasema chetu kwa kuwa mimi nlikuwa mbeba sanduku la barafu, mwingiza majina kwenye kompyuta na msema ovyo wa mradi. Chumba kilikuwa ghorofa ya pili nyuma ya Mkunazini, nyumba ya chokaa ambayo kuta zake zinatoa jasho hata Julai. Kompyuta tulizifunika kanga zisioze. Mgeni akiingia alidhani kuna maiti wawili mezani.

Kazi yenyewe ilikuwa kupanga mistari. Protini ni kama mkufu wa punje, na kila punje wataalamu wameipa herufi yake. Riyama alichukua mkufu wa mafua yaliyopatikana Misri, chini yake akapanga wa Brazil, chini yake wa Vietnam, kisha wa nguruwe, wa bata, wa watu waliokufa kabla babu zetu hawajazaliwa, yote chini kwa chini juu ya kioo. Halafu akasoma kutoka juu kwenda chini, herufi moja moja, wapi imebadilika, wapi imekaa. Kichwani herufi zinaruka kama panzi. Shingoni zinatulia. Na pale shingoni pana kishimo kidogo, kama ulichobonyeza kwa kidole kwenye unga wa maandazi. Herufi zinazokizunguka kishimo kile zilikuwa zile zile, iwe Misri, iwe Vietnam, iwe bata.

"Unakiona?" alikuwa akiniuliza.

"Nakiona."

"Muongo. Ili kirusi kiingie, lazima kipinde shingo. Ukikiziba kishimo kwa dawa inayokaa sawasawa, shingo haipindi. Asiyepinda shingo mlango mfupi hapiti. Anafia nje."

"Na dawa hiyo utaipika wewe hapa, kwenye jiko la mkaa?"

"Wataipika Ulaya. Mie nawaonyesha tundu tu."

Hapo ndipo lilipokuwa jambo lake lote la duniani. Wakemia wa huko Ulaya walimwambia Dk. Sabri, mkuu wa mradi aliyekaa bara na kutuongoza kwa simu, kwamba tundu wamelipenda. Lakini walitaka kuona mafua ya Unguja ya mwaka huu, kisiwa kinachopokea wageni wa kila taifa na kila chafya. Kama kishimo hakikubadilika hata hapa, wangeanza kutengeneza dawa. Kama kimebadilika, ahsanteni, kila mtu ashike njia yake. Majibu waliyataka kabla Mfunguo Mosi, mwezi wa Idi, haujatoka. Kwa ajili ya kishimo kile Riyama alikuwa ameacha kazi ya kudumu ya serikali na posa mbili, moja ya mtu wa maana. Akina mama wa mtaani walikuwa wakimwita bibi harusi wa virusi. Mimi nlimwambia angalau virusi havirudi nyumbani na mke wa pili. Akacheka. Wakati huo alikuwa akicheka.

Mafua yakaja na Ramadhani. Kituo kimoja cha afya upande wa Amani ndicho kilichotukusanyia sampuli, na mkusanyaji alikuwa Bi Mashavu, muuguzi wa zamani, mwanamke ambaye ukimwambia lete kumi analeta kumi na hakuulizi za nini. Kazi ni nyepesi: mgonjwa anainua uso, kijiti cha pamba kinaingia puani mpaka ndani kabisa, kinatoka, kinatiwa kwenye kichupa, mimi nakipeleka kwenye barafu. Vituo vingine havikuleta hata kichupa, wakasema Ramadhani watu wagumu. Bi Mashavu alileta sanduku limejaa. Majina ya watu wazima, kama tulivyoomba: wafua mashuka wa hoteli za Nungwi, wapishi, madereva wa watalii, wauza vinyago wa Mji Mkongwe. Tukavipeleka bara vikasomwe.

Majibu yalirudi kumi la mwisho la Ramadhani. Riyama akaipanga mistari ya Unguja chini ya mistari ya dunia, akaenda moja kwa moja shingoni, kwenye kishimo chake. Akasoma kutoka juu kwenda chini. Akarudia. Halafu akaivua kanga iliyokuwa juu ya ile kompyuta ya pili akajifunika uso nayo, na nikaona mabega yanatikisika, nikajua analia, na kwamba si kwa huzuni.

Jioni tulifuturu kwao. Alimwinamia mama yake sikioni kama anayemwambia siri ya ndoa.

"Mama, haijabadilika."

"Nini?"

"Shingo."

"Alhamdulillahi," akasema Bi Sichana. "Ya kwangu inauma."

Wiki zile sijapata kumwona mwanamke mzuri kama Riyama. Alikuwa akitembea kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa kwa heri mahali. Dk. Sabri alipiga simu, sauti yake imelainika, akamwita mwanangu. Siku ya Idi Riyama alivaa gauni jipya, akaenda kwa watu, akala biriani bila ya kuzungumza habari za protini, jambo ambalo familia nzima ililihesabu katika baraka za mwezi ule.

Ilipita Idi, akakaa kuandika. Wakemia walitaka picha ya protini nzima, si shingo peke yake, kwa hiyo ilimlazimu apande juu, kichwani, mahali alipokuwa hapajali. Nlikuwa nimekaa dirishani nakula karanga nikasikia kimya. Riyama akifanya kazi huwa ananong'ona herufi. Kunong'ona kukakata.

"Hebu njoo," akaniambia.

Nikaja. Mistari ya Bi Mashavu ilikuwa imesimama kioo kizima, chini kwa chini.

"Unaona nini?"

"Sawasawa zote. Si ndiyo ulivyotaka?"

"Shingoni ndiyo. Hapa ni kichwani. Kichwani hapawi sawasawa. Mfua mashuka wa Nungwi, dereva wa Kiembe Samaki, muuza vinyago wa Shangani, hawajuani, na wote wamevaa kofia moja, mshono mmoja, uzi mmoja."

"Labda wamenunua duka moja."

Hakucheka, na mimi nikajua kwamba karanga sizimalizi. Akachukua ufunguo wa vespa.

Bi Mashavu tulimkuta kwenye benchi la wagonjwa nje ya kituo, anakunja shashi ya kufungia vidonda.

"Shikamoo Bi Mashavu."

"Marahaba, wanangu. Kaeni. Na wewe," akanigeukia, "mbona umekonda? Ramadhani wenzio wananenepa."

"Nlifunga kweli, Bi Mashavu."

"Wewe? Makubwa haya."

Riyama hakukaa. "Bi Mashavu, nna suali dogo. Zile sampuli za Ramadhani, uliwachukua wagonjwa wenyewe?"

"Kwani nliwachukua mbuzi?"

"Wote wana kirusi kimoja. Herufi kwa herufi."

"Si mafua? Ulitaka wawe na kisukari?"

"Bi Mashavu." Aliisema polepole, kwa adabu, na adabu ile ilikuwa mbaya kuliko kelele. "Hija, yule anayefua mashuka Nungwi. Kijiti kiliingia puani mwake yeye, Hija?"

Bi Mashavu akaiweka shashi mapajani.

"Sikiliza, mwanangu. Hija alikuja asubuhi, amefunga, koo limemkauka, macho mekundu. Nikamwambia kaa nikupime. Akaniuliza, hicho kinaingia mpaka wapi? Nikamwonyesha. Akasema, lahaula, hicho kinagonga ubongo, saumu yangu itabaki kweli? Mimi si mufti. Wapo wanaosema haifunguzi, wapo wanaosema inafunguza, na mgonjwa hataki awe yeye wa kujaribiwa. Nikamwambia njoo baada ya kufuturu. Baada ya kufuturu kituo kimefungwa, na yeye yuko tarawehe. Ningefanya nini? Nimlishe mtu mchana kwa ajili ya kijiti?"

"Ukafanya nini?"

"Nikamwambia niletee mwanao. Mtoto hafungi. Wanalala kitanda kimoja, wanakula sinia moja, wanakoholeana. Mafua ya mama na ya mwana yana tofauti gani?"

"Na wengine?"

"Vivyo hivyo. Kila aliyekataa alitoa mtoto, jina nikaandika la mzazi, kwa kuwa mgonjwa wenu ni mzazi. Wala sikusumbuka, wako pale." Akaonyesha kwa kidevu ng'ambo ya njia, kwenye chuo cha Kurani cha Maalim Msabah. Watoto walikuwa wakisoma kwa sauti moja, na katikati ya sauti ile mmoja anakohoa, mwengine anamjibu, wa tatu anamalizia. "Nlikuwa nawaita wawili wawili. Maalim hakuwa na neno."



Hata mimi, pakacha, maji yalikaa. Mama kaokota mafua yake Nungwi, kwa Mtaliana aliyekohoa juu ya mto. Baba kaokota yake bandarini. Mtoto kaokota yake msahafuni mwa mwenzake. Wanalala kitanda kimoja, ndiyo, lakini kila mmoja kaja na mwizi wake. Sisi tulidhani tumeinyoosha Unguja nzima juu ya kioo, kumbe tumepanga chafya moja, ya mtoto mmoja, mstari baada ya mstari.

"Nimeharibu?" akauliza Bi Mashavu.

"Hukuharibu kwa ubaya," Riyama akasema. Kwa mtu mzima, hilo ni jibu tosha, na Bi Mashavu alilisikia lilivyo.

Siku iliyofuata Bi Mashavu alivaa buibui akaingia majumbani mwenyewe, mguu kwa mguu, nami nyuma yake na sanduku la barafu. Wengi walikuwa wameshapona. Waliokuwa bado wanakohoa walitucheka. Hija alitupokea na kanga kichwani.

"Ramadhani ulinambia nilete mtoto, sasa wanitaka mie. Mwakani utamtaka bibi?"

"Inua uso, Hija," akasema Bi Mashavu. "Usinicheke, nshachekwa."

Tulipata watu wazima wanne, basi. Vichupa vyao vikaenda bara, na Riyama akaanza kungoja. Kungoja kwake kulikuwa kubaya. Alikuwa anakuja chumbani, anawasha kompyuta, anakitazama kishimo chake cha dunia nzima, Misri, Brazil, bata, anazima. Alianza kuzungumza kwa "kama". Kama kimekaa hata kwa hawa wanne, basi. Kama wanne wana kofia mbalimbali na shingo moja, ndiyo nzuri zaidi, itawatosha. Mimi nikawa naitikia. Ulimi wangu, uliozoea kuchoma, ulikuwa umekosa pa kukaa.

Majibu yalipofika hakuniita. Nliinuka mwenyewe. Kofia nne, kila moja na mshono wake, kama ilivyotakiwa. Alishuka shingoni. Akasoma kutoka juu kwenda chini, na kwa Hija kidole kikasimama. Kwa aliyemfuata kikasimama tena. Herufi moja tu. Punje ndogo imeondoka ukingoni mwa kishimo, imekuja pana, imelalia mlango. Hakuna dawa ingekaa pale. Hao wawili walikuwa wakifanya kazi hoteli moja, ila kofia zao mbali mbali.

"Labda wamekosea kusoma," nikasema.

"Wawili? Kwenye punje moja?"



Dk. Sabri alipiga simu jioni ile, akawekwa sauti ya nje juu ya meza.

"Wawili tu, Riyama. Wawili si watu wa kuvunjia nyumba. Peleka zile za mwanzo, hawa tutawaandika baadaye."

"Za mwanzo ni mtoto mmoja, Daktari."

"Watoto nao ni watu."

"Ni watu. Si mama zao."

"Unajua ukipeleka hivyo kinatokea nini?"

"Najua."

"Sasa?"

"Sasa dawa itatengenezwa miaka kumi, itakuja, atapewa Hija, na itamwangukia miguuni. Bora ife leo, ingali karatasi."

Dk. Sabri akasema fanya unavyoona, na hakumwita mwanangu.

Akapeleka yote: dunia, watoto wa chuo, wale wanne, na maelezo ya nani hasa aliyetiwa kijiti puani. Wakemia walijibu kwa adabu ya watu wa huko. Walimshukuru kwa uaminifu wake. Wamepata mahali pengine, kwenye protini nyengine, kwa watu wengine. Mradi wa Unguja umefika mwisho.

Bi Mashavu alikuja siku tunayofunga chumba, akapanda ngazi zile zote na magoti yake, amebeba sahani ya visheti iliyofunikwa kawa. Alikaa.

"Mungu ataniuliza," akasema.

"Hatakuuliza wewe, Bi Mashavu. Kilikuwa kimeshabadilika kabla hujatia mkono. Ungemtia Hija kijiti siku ile ile, jibu lingekuwa hili hili."

Riyama alisema hivyo kumpoza bibi wa watu, na lilikuwa kweli, na ukweli wake ndio uliokuwa mbaya. Kosa la Bi Mashavu halikumnyima Riyama kitu. Lilimpa. Lilimpa kumi la mwisho na Idi na gauni, furaha ambayo haikuwa yake, akaikaa kama mpangaji aliyeingia nyumba kwa makosa, kisha akatolewa. Laiti angekuwa na mtu wa kumchukia, nadhani angepata nafuu. Hakupata hata huyo. Huwezi kumchukia mwanamke aliyekataa kuwalisha watu mchana. Huwezi kumchukia mtoto aliyekohoa. Herufi moja utaichukia vipi? Haina hata uso.

Kompyuta zilichukuliwa na watu wa Dk. Sabri. Riyama sasa anapima maji ya mabwawa ya kuogelea ya hoteli za kaskazini, kama yana uchafu. Ana sare yenye kola. Zile posa hazikurudi, wala yeye hakuzingoja. Nikimtania anatabasamu kwa ustaarabu, kama anavyotabasamu kwa mameneja, na mimi siku hizi simtanii sana. Juzi nlimuuliza kama anakikumbuka kile kishimo. Akasema kipi.

Mwezi uliopita Bi Sichana alipata mafua. Hakuna aliyejua nani kayaleta. Labda Riyama mwenyewe, kutoka huko mabwawani. Nlikwenda kuwaona alasiri nikamkuta bibi amekaa kitako juu ya kitanda, mito mitatu mgongoni, anavuta pumzi kama anayevuta ndoo kisimani. Riyama amekaa ukingoni, bado na sare yake, anamsugua mgongo.

"Riyama," bibi akasema, alipopata pumzi ya kusemea.

"Naam, mama."

"Ile dawa yenu bado mnaitafuta?"

Riyama aliendelea kusugua, juu chini, juu chini.

"Hatuitafuti tena, mama."

Bi Sichana akatikisa kichwa, kama mtu aliyeambiwa duka limefungwa.

"Basi nitilie tangawizi," akasema.